Siku Moja Maishani Mwangu Kwenye Majaruba ya Chumvi, Bagamoyo

Saa kumi alfajiri, wakati wa bamvua, ninafungua lango la mfereji ili maji ya bahari yaingie bwawa la kwanza. Maji hayo yamebeba tope na chumvi kwa pamoja, lakini hali zao ni tofauti kabisa: tope likiachwa hutuama, ilhali chumvi haituami hata ukiyafungia maji hayo ndani ya chupa mwaka mzima, kwa kuwa imekwisha kuyeyuka na chembe zake zimetawanyika sawasawa katikati ya chembe za maji. Huo ndio mmumunyo. Maji ndiyo kiyeyushi, na chumvi za aina mbalimbali zilizomo, takriban gramu 35 katika kila kilo ya maji ya bahari, ndizo viyeyushwa.

Saa mbili asubuhi ninazunguka na haidrometa, kifaa cha kupimia ukolevu wa maji, ambayo huelea juu zaidi kadiri maji yanavyokolea. Kwa vipimo vya Baumé, maji ya alfajiri husoma karibu 3.5. Jua na upepo huondoa kiyeyushi na kuacha viyeyushwa, na kila kiyeyushwa kina kikomo chake: chokaa hutangulia kujitenga, jasi hufuata karibu na kipimo cha 13, na chumvi tunayoila husubiri hadi karibu 25, maji yakiwa yamebaki kiasi cha sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana tunayahamisha kutoka jaruba moja hadi jingine, ili jasi ibaki nyuma.

Kufikia saa sita mchana ninachuchumaa kando ya jaruba la mwisho. Vipande vyembamba vya chumvi, vyenye kona za mraba, huelea juu ya maji, vikanenepa, kisha vikazama. Hapo mmumunyo umeshiba. Gramu 100 za maji safi haziwezi kuyeyusha zaidi ya gramu 36 hivi za chumvi. Kuyapoza maji kusingetusaidia, maana ya moto na ya baridi huyeyusha chumvi kwa kiasi kinachokaribiana sana.

Saa tisa alasiri, haidrometa ikikaribia 29, ninaagiza maji yaliyobaki yaondolewe mara moja. Wapo wanaotamani kuyakausha yote ili wapate mzigo mkubwa, nami siafiki, kwa sababu maji hayo yamejaa chumvi za magnesiamu, ambazo huifanya chumvi iwe chungu na inyonye unyevu wa hewani.

Saa kumi na nusu tunatia madini joto, yaani iodini. Gramu 50 za iodeti ya potasiamu, zenye karibu gramu 30 za iodini, hutosha tani nzima ya chumvi, na unga mchache kiasi hicho hauwezi kuenea ukichanganywa mkavu. Kwa hiyo tunauyeyusha kwanza katika maji ndani ya pampu ya mgongoni, kisha tunaipulizia chumvi huku vibarua wakiigeuza kwa makoleo, hadi kila upande wa lundo uwe umepata sehemu yake.