Siku moja ya fundi wa kuwaindi: injini inaunguruma, volti hakuna

Saa 1 asubuhi nishafungua, naendelea kuwaindi, yaani kusuka koili za steta ya jana (ile sehemu isiyozunguka inayobeba koili), hapa hakuna stori, unaingiza waya wa shaba unahesabu raundi, ukipotea unaanza upya. Dogo ninayemfundisha kazi akinisemesha katikati ya hesabu namtolea macho tu.

Saa 4 ikaja jenereta ilokaa stoo muda mrefu. "Fundi, inawaka vizuri ila umeme haitoi." Nikaiwasha, injini safi, mita inasoma sifuri. Waya zima, kaboni zinazopeleka umeme kwenye rota (sehemu inayozunguka) nazo zima. Dogo anataka tufumue koili zote, nikamwambia tulia kwanza.

Iko hivi, rota ya hii mashine ni sumaku ya umeme inayozunguka katikati ya koili, sasa ili iwe sumaku inataka umeme, na huo umeme unatoka kwenye koili zilezile, nani aanze? Anayeanza ni kasumaku kadogo kanakobaki kwenye chuma ukizima mashine. Kakiisha utazungusha mpaka usiku na hupati kitu.

"Si tubandike sumaku kubwa pembeni ya koili?" dogo akauliza. Hapo nikaacha kazi. Nikachukua koili, mita ya mshale na sumaku. Ingiza sumaku, mshale unaruka. Iache humo, mshale unarudi sifuri, hata iwe sumaku kubwa vipi. Ichomoe, unaruka upande wa pili. Faraday aliliona hili 1831, na bado watu wanadhani sumaku ikikaa tu inatoa umeme! Lazima uga wa sumaku unaopita kwenye koili ubadilike, ukibadilika haraka volti zinapanda, raundi zikiwa nyingi zinapanda pia, ndo maana nahesabu kama mchawi.

Saa 6 nikachomoa waya za AVR, kile kifaa kinachorekebisha volti, injini ikiwa inazunguka nikagusisha betri ya volti 12 kwenye kaboni, chanya kwa chanya, sekunde chache tu. Mita ikaamka. Nikarudisha AVR, 230 hiyo hapo, mizunguko 3000 kwa dakika, Hz 50.

Saa 9 tukaipa mzigo, injini ikabadili sauti ikawa inaguna. Dogo kashtuka kadhani imeharibika. Hapana, umeme ukishatembea kwenye koili nao unatengeneza sumaku yake inayoishika rota isizunguke kirahisi, so injini inavuta mafuta zaidi.

Saa 11 mwenyewe kaichukua, nikarudi kwenye steta. Nilikuwa raundi ya ngapi? Sikumbuki. Nikaanza kufumua.