Siku gari yangu ilipoelea kwa maji njia ya Kilifi

Mwezi wa tano huku pwani mvua haimuulizi mtu, na mimi riziki yangu ni hii Probox, Malindi Kilifi na kurudi, kwa hivyo kukaa nyumbani kungoja jua siwezi. Siku hio nlikuwa nampeleka shangazi kliniki Kilifi, anatakiwa saa mbili asubuhi.

Tumetoka Malindi ni rasharasha tu. Na hio rasharasha ndio mbaya, manake barabara imekaa kavu siku kadhaa imejaa vumbi na oili ya malori, mvua ya kwanza ikikoroga hivyo vitu lami inakuwa kama imepakwa sabuni. Karibu na Gede tuktuk ikateleza mbele yetu, ikazunguka ikasimama imeangalia ilikotoka. Alhamdulillahi hakuumia mtu. Nlikuwa 80, nikashuka 50.

Tulipoingia upande wa msitu wa Arabuko Sokoke mvua ikafunguka kabisa. Shangazi akaniuliza, "Mwanangu, ile gari ya mbele waiona?" Kusema kweli nlikuwa siioni vizuri, kioo kimeshika ukungu kwa ndani. Nikawasha AC upepo nikauelekeza kwa kioo, ukatoka haraka. Taa nikaweka za chini, fulu kwa mvua kubwa inakurudia mwenyewe machoni. Hazadi, zile indiketa zote kuwaka pamoja, sikuwasha, nikitaka kupinda wa nyuma atajuaje? Matatu ikaja inanipigia mataa nikasonga kando ikapita, mimi nikabaki nafuata mistari ya matairi ya lori lililokuwa mbele, hapo ndipo maji huwa kidogo, lakini kwa mbali: lori likipita mti nahesabu moja mpaka nne, nikifika kwa huo mti kabla ya nne najua nimekaribia sana.

Sasa kuna pahali barabara imebonyea, maji yamelala kutoka ukingo huu mpaka ule, na nikayaona nishafika. Sauti ya matairi ikanyamaza. Stering ikawa nyepesi mkononi kama imekatika huko chini. Mguu wenyewe ulitaka kurukia breki, nikauzuia, nikaachilia mafuta polepole, stering nikaishika sawa bila kukata kushoto wala kulia. Sekunde mbili hivi, halafu nikasikia shrrr, tairi zimeshika lami. Shangazi mkono mmoja uko kwa dashibodi, mwingine kwa tasbihi, hakusema neno.

Baadaye nlimkumbuka fundi wangu wa tairi. Wiki mbili kabla alinionyesha vile vinundu vidogo ndani ya mifereji ya tairi, tairi ikiisha mpaka ilingane navyo imebaki milimita 1.6, na zangu za mbele zilikuwa zimeshalingana. "Kaka, maji hayana pa kutokea hapa," akaniambia. Pesa ilikuwa ya karo, iliniuma, lakini nikanunua mbili mpya. Zile kipara nadhani siku ile zingetutupa msituni.

Kliniki tulifika saa mbili na dakika ishirini na wakampokea. Kutoka, mvua ilikuwa inapiga vilevile, nikamwambia shangazi haturudi sai. Tukakaa kibandani, mahamri na mbaazi na chai ya tangawizi, mpaka saa nane mchana ilipopungua ndio tukawasha gari.