Njegere Juu ya Mawe

Wapendwa katika Bwana, wiki hii tunasoma Zaburi ya 78, pale Waisraeli wanapouliza kwa manung'uniko kama Mungu anaweza kuwaandalia meza jangwani. Swali hilo limenipeleka Suffolk, mashariki mwa Uingereza, ambako kati ya Orford na Aldeburgh ufuko umejaa vijiwe vya mviringo badala ya mchanga, na kila dhoruba ikipiga mawimbi huvisogeza tena.

Mwaka 1555 mavuno ya Uingereza yaliharibika, njaa ikaingia. Maskini wa pwani ile wakakuta njegere zimezaa kwa wingi juu ya mawe, mahali pasipowahi kuona jembe wala mpanzi, wakazichuma, wakala. Wengi walisema ni muujiza. Wengine, waliojiona wana busara zaidi, walidhani ni mbegu zilizomwagwa na meli iliyovunjika. Kumbe mmea ule, njegere mwitu wenye maua ya zambarau, ni mwenyeji wa fukwe za namna hiyo: hutambaa juu ya changarawe huku mizizi yake ikishuka kutafuta unyevu wa mvua uliosalia kati ya mawe, na mbegu zake zina ganda gumu hata zinaweza kuelea baharini miaka 5 bila kufa.

Je, maelezo hayo yanaupunguza muujiza? Mimi naona yanauongeza, kwa kuwa chakula cha mwaka ule kilikwisha kusafiri baharini na kushika mizizi kabla mtu yeyote hajalia njaa. Njegere hizo ni chungu, nakiri, na siku za shibe nani angezitamani. Lakini hata mana ilinung'unikiwa.

Kwenye fukwe kama hizo hutaga pia buabua mdogo, ndege anayerudi kutoka Afrika Magharibi kila majira ya kuchipua. Hajengi kiota, huweka mayai yake katika kishimo kidogo kwenye changarawe, nayo kwa madoa yake hufanana mno na vijiwe hata mtu huyakanyaga asijue, ndiyo maana msimu wa kutaga baadhi ya sehemu huzungushiwa uzio. Nami nimejiuliza ni mara ngapi watu wa Orford, kabla ya mwaka ule, walizikanyaga njegere zile wakienda kuvua, macho yao yakiwa baharini.