Nilivyozijua metodi zinazoitwa kwenye mfumo wa duka la pembejeo

Kila niliyemuuliza jinsi ya kujua ni metodi zipi (vipande vya programu vyenye jina) bado zinaitwa alinijibu, "Weka print, amri ya kuandika ujumbe, kwenye kila metodi." Ushauri huo haufai kabisa kwa mfumo ambao muda huohuo unauza mbolea. Mfumo wa duka letu hapa Mwanjelwa, Mbeya, umeandikwa kwa Python, na metodi zake nyingi hakuna aliyejua kama bado zina kazi. Grep, yaani kutafuta jina kwenye mafaili ya programu, nayo haitoshi, kwa sababu metodi inayoitwa kupitia getattr (njia ya kuiita kwa jina linaloundwa programu ikiendelea) huenda jina lake lisionekane popote inapoitwa.

Nilianza na sys.setprofile, kifaa cha Python cha kufuatilia programu inapoendelea. Inanasa kila metodi inapoitwa na inaporudi, hata fanksheni zilizoandikwa kwa lugha ya C, ndiyo maana mauzo yalikuwa mazito kaunta. Tena inafuatilia uzi (thread, mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) mmoja tu, ule ulioiwasha. sys.settrace ni nzito zaidi, maana inashtuka kwenye kila mstari.

Dawa niliipata kwenye Python 3.12, nayo ni sys.monitoring. Unachukua namba kati ya 0 na 5 kwa use_tool_id, unasajili fanksheni yako kwa tukio la PY_START, yaani metodi inapoanza, kisha unaliwasha kwa set_events. Utamu wenyewe uko hapa: fanksheni yako ikishaandika code.co_qualname (jina la metodi pamoja na klasi yake), irudishe sys.monitoring.DISABLE. Kuanzia hapo metodi hiyo haiiti tena fanksheni yako, hata ikiitwa mara elfu, na mfumo unarudi karibu na kasi yake ya kawaida. Nyuzi zote zinaonekana. Na kwa kuwa kila metodi inaandikwa mara moja, andika faili papo hapo na uite flush, ili maandishi yasibaki kwenye kumbukumbu ya programu. Ukisubiri programu izimwe vizuri, umeme ukikatika umepoteza kila kitu.

Chini ya gunicorn, seva inayoendesha programu ya Python kwa prosesi kadhaa, kila prosesi ina orodha yake, kwa hiyo tia os.getpid() (namba ya prosesi) kwenye jina la faili, la sivyo mistari itachanganyika. Chuja kwa co_filename (faili metodi ilimoandikwa), usijaze orodha metodi za maktaba za watu. Metodi ya kurithi itaonekana kwa jina la klasi ilikoandikwa, si la klasi iliyoirithi; usidhani haitumiki kwa sababu hiyo.

Kuwasha bila kuzima mfumo, nimefunga kazi yote kwenye SIGUSR1, ishara inayotumwa kwa prosesi inayoendelea, natuma kill -USR1. Windows haina ishara hiyo.

Usifute haraka! Metodi za mbolea ya kupandia zilikuwa kimya Julai yote. Huku mvua huanza Novemba, kwa hiyo hizo naziacha hadi wakulima wapande. Nilizofuta ni za ripoti ambazo hata kufunga mwezi hakukuzigusa.