Maziwa ya pembe nne ya Old Crow

Kuchora ramani nilijifunzia Dar es Salaam mwaka 2015, kwenye mradi wa Ramani Huria, nikizunguka Tandale na simu mkononi kufuata mitaro. Usipojua maji yanaelekea wapi, unamuuliza mama ntilie, naye anakuonyesha alama ya mafuriko ukutani. Nilipoamua kuchora Old Crow Flats, vinamasi vya kaskazini mwa Yukon, Kanada, nikiwa nimekaa zangu Sinza, nilidhani kazi ni ileile. Wapi! Maziwa yanapita 2,000, barabara hakuna, na kijiji cha Old Crow, kwao watu wa Vuntut Gwitchin, kinafikiwa kwa ndege.

Nilianza vibaya. Data za zamani za Kanada ziliingizwa OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuichora mtandaoni, kwa mkupuo, vipande vipande, na kwingine ziwa limekatwa kwa mstari ulionyooka kama rula. Mishono hiyo nilishaiunganisha sana, nikajiona fundi. Basi kila ukingo ulionyooka nikaupinda kidogo ufanane na ziwa. Picha yangu ya setilaiti ilikuwa ya Mei, barafu tupu, ukingo hauonekani. Nilishaharibu maziwa 11 ndipo mchoraji mzoefu akaniambia nitafute picha ya Julai. Kumbe kingo zimenyooka kweli! Maziwa mengi ya huko yana pembe nne. Mshono hufuata latitudo au longitudo sawasawa. Kingo zile zimekaa mshazari. Nikarudisha yote 11, jasho likinitoka.

Vijito navyo! Mstari wa mto huchorwa kufuata maji yanakoenda, na nchi ile ni tambarare, kontua, mistari ya mwinuko, hazikusaidii. ArcticDEM, modeli ya mwinuko ya mita 2, ilihesabu na vichaka kama ardhi, kijito kikaonekana kinapanda. Kilichonisaidia ni tope: kijito kinapoingia ziwani, maji ya mdomoni yana rangi ya chai ya maziwa.

Ziwa moja nusura nilifute. Kwenye data lipo, kwenye picha ni kijani kitupu. Nikakumbuka Ziwa Zelma, la hukohuko, lililomwagika mwaka 2007. Nikafungua picha za setilaiti za Landsat mwaka baada ya mwaka: maji yapo, yapo, kisha hayapo. Nikaliandika kinamasi, na tarehe ya picha pembeni.