Bili ya Dola 1,380 na Mzee wa Bunduki Tisa

Picha ya barua imenikuta nimekaa barazani kwa mama, hapa Mikindani, kikombe cha uji hakijapoa. Mama Nasra ameipiga huko Houston akanitumia WhatsApp bila neno hata moja. Barua ya tatu hii. Dola 1,380 kwa safari ya gari la wagonjwa ya kilomita tisa, Julai 2024. Bima imeshalipa sehemu yake, hiki ndicho kilichobaki, na safari hii walioandika ni wakusanya madeni.

Piga hesabu mwenyewe kwa rate ya leo. Hapo Mtwara mjini hiyo ni bodaboda mpya, na mafuta ya kuanzia kazi juu yake.

Inaniuma mara mbili kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Mwaka wa sita sasa huko Houston napanda gari la wagonjwa, nabeba watu ngazi hadi ngazi, nafunga vidonda, nasukuma vifua vya watu nisiowajua. Kisha mke wangu mwenyewe anabebwa na gari kama langu na nyumba yangu inaandikiwa deni. Marekani ina sheria ya nchi nzima, ilianza Januari 2022, ya kumkinga mtu na bili za matibabu za kushtukiza. Ndege na helikopta za wagonjwa zimo ndani yake. Gari la barabarani limeachwa nje. Ndiyo maana nimeshakuta watu wamelala chini, jasho linawatoka, mkono kifuani, wananiambia, "Tafadhali, usinipakie, sina hela." Na wengine wamekataa kweli, wakasaini karatasi, tukawaacha.

Sisemi kwetu ni peponi. Mwezi uliopita kijana wa jirani ameanguka kwenye mnazi, wakampeleka hospitali kwa pikipiki, amebanwa katikati ya watu wawili, mguu unaning'inia. Lakini mjamzito akishikwa na uchungu usiku anapiga 115 bure, na gari la wagonjwa likiwa mbali anafuatwa na dereva aliyesajiliwa kutoka maeneo yake mwenyewe. Hakuna anayemtumia barua baadaye. Hilo tujivunie kwa sauti.

Basi nikiwa bado nimeishika simu, mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, achana na bili. Bunduki unayo?" Vijana wenzake watatu wakanyamaza kusubiri jibu. Alitaka picha. Mjomba yuko Texas miaka yote hii, hata picha moja ameshika bunduki hajawahi kuweka? Sikumjibu pale pale. Nalijibu hapa, na wengine wenye swali kama lake wasome.

Usiku mmoja wa Agosti tuliitwa, kijana amepigwa risasi ya paja. Tulifika mtaa ule ndani ya dakika sita. Hiyo ndiyo Marekani mnayoiona kwenye simu: namba tatu tu, na gari lenye kila kitu linatokea. Ila redio ikatuambia tusimame mtaa wa nyuma, tuzime taa, tusubiri polisi waseme pamekuwa salama. Mpigaji hajulikani yuko wapi, na mhudumu aliyekufa hamsaidii mtu. Tukakaa. Nilikuwa nimeshavaa glavu, jasho likajaa ndani hadi nikahisi vidole vinaelea. Kioo kilikuwa wazi kidogo, na sauti ya mwanamke ilikuwa inatufikia kutoka ng'ambo ya nyumba, analitaja jina moja tu, analirudia. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu anaweza kuisha damu ndani ya dakika tano. Sisi tulisubiri kumi na moja.

Tulipoingia, kijana alikuwa hai. Binti wa nyumba ya pili, umri wa kidato cha pili hivi, alikuwa amekunja taulo ya kuogea, ameishindilia kwenye jeraha na kupiga goti juu yake kwa uzito wake wote. Taulo lilikuwa limelowa chapachapa na hakuwa ameliondoa hata mara moja kuchungulia. Nikamwambia aendelee hivyo hivyo mpaka nimalize kufunga mkanda wa kuzuia damu. Alikuwa amefundishwa shuleni. Texas ilipitisha sheria mwaka 2019 inayotaka shule ziwe na vifaa vya kuzuia damu na kuwapa wanafunzi kuanzia darasa la saba mafunzo ya kuvitumia. Nashukuru binti yule alijua. Halafu nawaza ni nchi gani hii ambayo mtoto anafundishwa hesabu, historia, na namna ya kuziba tundu la risasi.

Kwa hiyo, mpwa wangu, bunduki huko ndiyo inayolifanya gari lenye kila kitu lisimame mtaa wa nyuma.

Mtadhani sisi tunaofanya kazi hizi tuna kauli moja. Hatuna. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu wa miaka 21 na zaidi ambaye sheria haijamzuia anaweza kubeba bastola Texas bila kibali na bila mafunzo. Baadhi ya wakuu wa polisi wa jimbo hilo hilo walisimama hadharani kuipinga kabla haijapita, kwa sababu askari wao ndio wanaofika mahali pakiwa na watu watano wenye silaha na hawajui mwema ni yupi. Lakini kituoni kwetu mwenzangu ninayekaa naye kiti cha mbele ameikubali kwa moyo wote. Anasema kijijini kwao polisi wa karibu ni mwendo wa dakika arobaini, na mama yake anaishi peke yake. Kuna anayetaka na sisi tubebe silaha tukiwa kazini. Mimi nimemwambia siku tukibeba ndiyo siku tutakapoanza kulengwa kama askari. Tumebishana hivyo usiku mzima, kisha kengele ikalia tukaondoka pamoja, mimi nikiendesha.

Jambo tunalokubaliana wote ni lile ambalo hakuna filamu inayolionyesha. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua. Ndizo nyumba tunazoingia mara nyingi. Hakuna jambazi, hakuna aliyevunja mlango. Kuna mtu aliyekuwa na siku mbaya na droo iliyokuwa karibu. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Na msiniambie dawa ni bunduki nyingi zaidi kwa watu wema. Uvalde, mji wa huko huko Texas, tarehe 24 Mei 2022, watu wema wenye bunduki walijaa shule nzima, karibu askari mia nne, na wakakaa zaidi ya saa moja kabla ya kuingia darasani alimokuwa muuaji. Watoto 19 na walimu wawili. Nasra alikuwa na umri wao. Usiku ule nililala sakafuni kando ya kitanda chake.

Sasa nimgeukie mzee jirani, maana bila yeye nisingekuwa naandika kuhusu bili tu, ningekuwa naandika msiba.

Ni askari mstaafu wa zimamoto. Kwenye geti lake kuna kibao chenye picha ya bastola na maneno ya kusema hapa hatupigi simu polisi. Ana bunduki tisa, ameniambia mwenyewe. Miaka mitatu niliwakataza watoto hata kuokota mpira ukidondokea kwake. Tarehe 8 Julai 2024 alfajiri kimbunga Beryl kikaingia pwani ya Texas. Cha daraja la kwanza, cha chini kabisa, na bado nyumba na biashara zaidi ya milioni mbili zikakosa umeme, kwenye joto ambalo wa Mtwara mnalijua ila bila upepo wa bahari. Mimi nilikuwa zamu, silali nyumbani. Na mjue hili: upepo wa kudumu ukifika kama kilomita 65 kwa saa, vituo vingi vinayasimamisha magari ya wagonjwa. Simu zinapokelewa, zinaandikwa, zinasubiri. Hata baada ya upepo kupita, foleni ya simu ni ndefu na miti imelala barabarani.

Siku ya tatu pumu ikambana mama Nasra. Mashine yake ya kuvutia dawa inataka umeme. Nasra akaruka uzio ule niliomkataza, akagonga mlango ule. Mzee akatoka na jenereta kwenye kitoroli. Hakuiweka kibarazani kama tunavyofanya huku kwetu. Aliisukuma mbali, kama mita sita kutoka dirishani, akavuta waya mrefu, kwa sababu moshi wake unaua watu usingizini, na baada ya Beryl wapo waliopatwa na hilo. Akamkalisha mke wangu wima, akamhesabia pumzi dakika arobaini mpaka gari likafika. Alipompakia alimwambia Nasra, "Mwambie baba yako mama amekwenda anaongea."

Baadaye nilikwenda kushukuru. Akanionyesha lile kabati la chuma la bunduki zake, limefungwa, funguo ziko shingoni mwake. Akasema hata yeye hakuitaka ile sheria ya 2021. Amebeba maiti nyingi mno, alisema, kuamini kwamba kila mtu anafaa kubeba bila kufundishwa. Sikutegemea maneno hayo kutoka kwa mwenye kibao kile.

Nimemsimulia mama haya yote, na yeye akanikumbusha kimbunga Kenneth. Aprili 2019 watu wa Mtwara waliambiwa wahame pwani na mabondeni, wakahama, kimbunga kikapiga ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado, tarehe 25. Tangu hapo watu wamezoea kusema watabiri wanatutisha. Jamani! Waulizeni wenzetu wa Cabo Delgado kama ilikuwa vitisho. Mwezi huo huo wa Aprili, ila mwaka 1952, kimbunga kiliingia Lindi na kuua. Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliingia Mafia tu, na mvua zake zikakata barabara ya Dar pale Somanga, sisi wa kusini tukabaki tumetengwa na Dar. Mama anasema kilichomsumbua ni vitunguu na mafuta ya taa. Fikiria ingekuwa mjamzito anayehitaji rufaa.

Nimeshawaambia nyumbani: kila mtu lita nne za maji kwa siku, za siku kadhaa, kwenye madumu yenye vifuniko. Dawa za mama za presha za wiki mbili zisipungue. Vyeti na kadi kwenye mfuko wa nailoni. Redio ya betri, na mamlaka ya hali ya hewa ikitoa angalizo, mtumbwi upandishwe juu siku hiyo hiyo, siyo kesho yake.

Na nyie mnaoniandikia inbox mnataka kuja kufanya kazi hii: mafunzo ya msingi Texas ni kama saa 150, halafu mtihani wa taifa, na leseni ya udereva safi. Mgongo utaumia. Kabla ya kusaini bima uliza gari la wagonjwa linalipiwa vipi. Mtoto akialikwa kucheza, uliza nyumba ile ina bunduki na kama imefungiwa, hawakasiriki, wamezoea. Polisi akikusimamisha usiku, washa taa ya ndani, mikono yote juu ya usukani, usiiname kutafuta kitu. Ukikosea nyumba, rudi barabarani upige simu, usizunguke dirishani.

Picha nimempa mpwa wangu hatimaye, ya yeye mwenyewe. Nilimlaza rafiki yake mkekani, nikampa khanga ya mama, nikamfundisha kukunja, kushindilia, kupiga goti, kutochungulia. Amerudia mpaka amepatia.

Naondoka Jumamosi. Nilimwambia mama anifungie nusu kilo ya korosho zilizokaangwa, za mzee jirani. Akaniangalia muda mrefu. "Mtu amempa mkeo pumzi, wewe unampelekea nusu kilo?" Sasa hivi yuko uani anapepeta za kilo nne, anazichagua nzima moja moja.