Kumtoa mbwa wa ulinzi nje ya geti: jinsi tunavyotembea

Mbwa wengi wa ulinzi hapa Nairobi hushinda bandani, usiku wakafunguliwa wazunguke ua. Watu husema ua unatosha kumpa mazoezi. Hautoshi. Mbwa akiachwa peke yake hunusa kona zake, hubweka getini, kisha hujilaza, na mwenyewe naye yuko kwenye kochi. Wangu ni German shepherd, na ninaeleza hapa ninavyofanya naye.

Kabla ya yote, chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Halafu mpapase ubavuni: mbavu zinatakiwa kusikika vidoleni bila kubonyeza. Ikibidi ubonyeze, punguza ugali kwanza, mbio baadaye, maana nyonga za jamii hii zina matatizo hata bila uzito wa ziada. Na mbwa mkubwa ambaye hajafika miezi 18 mtembeze tu, usimkimbize; mifupa yake bado inakua.

Natumia kamba ya mita 2 na hanesi (mikanda anayovaa mwilini) inayopita kifuani kwa umbo la herufi Y. Zile zenye mkanda uliolala mbele ya mabega humbana, akaanza kupiga hatua fupi. Kwa kukimbia, kamba naifunga kwenye mkanda unaokaa chini kwenye nyonga zangu. Ukikaa juu kiunoni, siku atakapomrukia paka utaumia mgongo. Mnyororo wa kukaba shingo sitaki hata kuuona.

Kinachowashinda wengi ni kuvutwa. Kamba ikikaza, nasimama. Simfokei, simrudishi nyuma. Ikilegea, tunaendelea. Akitembea sambamba na goti langu anapata kipande cha ini la kuchemsha, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Ini likizidi ataharisha. Mwanzoni dakika 15 zinaweza kuisha hamjavuka nyumba ya tatu, na bado mmefanya kazi. Lakini nyumba nzima ifuate utaratibu huo, pamoja na kijana anayemtembeza ukiwa safarini. Mtu mmoja akikubali kuvutwa, mbwa anajifunza kwamba kuvuta kunalipa.

Anzeni na dakika 15 asubuhi na jioni, mkiongeza 5 kila wiki mpaka 45. Hapo ndipo tunaingiza mbio: dakika 1 kukimbia, 2 kutembea, mara sita. Msitu wa Karura ni mzuri kwa hili, udongo hauchubui nyayo na kivuli kipo, ila mbwa abaki kwenye kamba muda wote. Kima wa mle watakuonyesha kama mafunzo yameingia. Dakika za mwisho namwachia anuse atakavyo. Kunusa kunamtuliza kuliko kilomita nyingine.

Jua ndilo adui mkubwa. Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema, ndiyo maana unyevunyevu wa Mombasa humchosha haraka kuliko baridi ya Limuru. Weka mgongo wa mkono kwenye lami. Usipovumilia sekunde 7, rudini. Ulimi ukipanuka na kujikunja ncha, mate yakawa mazito, au akaanza kubaki nyuma, simamisha mara moja. Mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, hasa tumboni na kwenye mapaja, mpepee, kisha daktari wa mifugo.

Chakula kamili simpi saa mbili kabla ya mbio wala saa moja baada yake. Mbwa wenye kifua kirefu hupatwa na tumbo kujaa gesi na kujipinda, na hilo huua ndani ya saa chache.

Tukirudi, nakagua kupe: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia. Mng'oe kwa kibanio karibu na ngozi, ukivuta moja kwa moja bila kuzungusha. Mafuta ya taa usimpake. Siku zinazofuata, mbwa akikataa kula, ufizi ukapauka au mkojo ukawa mwekundu, huenda ni homa ya kupe; matembezi yasimame mpaka atibiwe.